Mwosha na Ramani ya Ajali

Alikuwa akikupima kwa macho. Ukipita mbele ya mlango wake, naye amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, atakutazama kutoka utosini hadi visiginoni, kisha atatikisa kichwa kama fundi aliyeletewa kazi ngumu.

"Wewe mtoto, wazidi kurefuka. Utanimaliza kitambaa."

Kitambaa chenyewe ni sanda. Wageni walioletwa mtaani kwetu Kuze kuolewa walishtuka, wengine walimnunia mwezi mzima. Sisi tuliozaliwa hapa tulizoea. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake na watoto, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mwosha tu. Hata mwanawe wa kumzaa, anayekaa Ganjoni, nilimsikia Idi moja akibisha mlangoni na kuuliza, "Mwosha yupo?" Akapigwa kofi la mgongo, kisha wakacheka wote wawili mpaka birika la kahawa likamwagika.

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Wapo watu watakaoyajua hayo. Mimi naandika niliyoyaona na niliyoyasikia nikiwa nimenyamaza, maana mimi hunyamaza sana. Mama husema watu hunisahau chumbani kama kiti. Darasani niko Fomu ya Tatu na walimu wawili bado huniita kwa jina la msichana ninayekaa naye dawati moja. Lakini ukiwa kiti, husikia mengi.

Watoto waliiogopa mikono yake. Ilikuwa mikavu, myeupe viganjani kwa maji, na watu walisema ina harufu ya kafuri ya maiti hata akijifukiza udi. Mwezi wa Ramadhani alipika kaimati na kuzigawa mtaani, na zilikuwa nzuri, ndogo, za duara sawasawa. Nyumba nyingi zilishukuru, zikafunga mlango, zikazimwaga kwa paka wa uchochoroni. Mwosha alijua. Siku moja alinionyesha paka mmoja mnene aliyelala kizingitini kwake akaniambia, "Huyu ndiye jirani yangu wa kweli. Yuwala asisaze."

Aliyekula mbele yake alikuwa mdogo wangu, Tima. Tima hakunyamaza hata siku moja katika maisha yake. Alisimama mbele ya Mwosha na kaimati mdomoni, shira ikimchuruzika kidevuni, akamwuliza mbele za watu:

"Nana, kwani mikono yako haioshwi?"

Wanawake waliokuwa barazani wakashika vinywa. Mwosha akaiinua mikono yote miwili akaitazama.

"Yaoshwa kuliko shingo yako. Ndoo hapa nikuonyeshe uchafu ulo nyuma ya masikio."

Tima akakimbia akicheka. Tangu siku hiyo akawa mtu wa mlango ule. Alimfanyia maskhara, alimletea majani ya mkunazi ya kuoshea maiti, yaliyodondoka kwa jirani, alimwuliza kama watu waliokufa wanahisi ubaridi wa maji. Mwosha alimjibu kwa uzito kabisa: "Mimi hupasha moto kwanza. Siwezi kumtia mtu baridi, hata kama hasemi."

Harusini ndiye aliyekuwa mcheshi kupita wote. Alicheza mpaka buibui likamshuka mabegani, akatunga vijembe vya papo kwa papo, akawaumbua mawifi na mama wakwe wakacheka huku wakitokwa machozi. Lakini bibi harusi alipotiwa hina, Mwosha alirudi nyuma mwenyewe, akaketi mlangoni karibu na viatu. Hakungoja kuambiwa. Nimemwona mara nyingi akiwa pale, mikono imefichwa chini ya mapaja, akiimba.

Kitu kimoja hakuwahi kukifanyia mzaha: yale aliyoyaona akiwa kazini. Akitoka chumbani, ndugu wa marehemu humzunguka. Hawaulizi neno refu. Huuliza, "Vipi?" Naye hujibu, "Alikuwa mwepesi." Basi. Mama alinieleza kwamba mwosha ameshika amana. Akiona jema atasema. Akiona lolote lingine, hilo hubaki mle ndani pamoja na maji yaliyomwagwa.

Nilikuwa nimeketi ukumbini siku alipomwosha yule bibi wa duka la vitambaa, mtu wa kutikisa ngazi akipanda. Wanawake walioingia kusaidia walitoka wakihema. Mwosha alitoka wa mwisho, kainama, mkono mmoja kiunoni.

"Vipi?" wakauliza wanawe.

"Alikuwa mwepesi," akasema, akienda zake huku akijikanda mgongo.

Tangu siku hiyo sikuliamini tena neno lile.

Uchochoro wetu unatokea kwenye barabara ya kuelekea Bondeni, na pale unapotokea pana ukuta wa duka unaoziba kila kitu. Anayetoka kwa miguu haoni gari, na mwenye gari haoni mtu mpaka yuko mbele yake. Upande wa pili hukaa mama mmoja na chupa zake za achari na ubuyu, ndiyo maana watoto tukapaita Kona ya Ubuyu. Wakubwa walivuka pale wakisoma dua. Mwosha, ambaye alijua kuliko sote kinachotoka kwenye kona ile, alivuka bila kutazama. Alinyoosha kiganja na kuingia barabarani, akiwagombeza madereva wa tuktuk:

"Simama wewe! Leo sina nafasi ya kufa, nina nazi jikoni!"

Nao walisimama. Wengine waliteremka kumbusu mkono.

Tima aligongwa pale, alasiri, akitoka chuoni kusoma Qur'ani. Gari lilikuwa pikapu ya kupeleka soda madukani. Dereva tunamjua, ni kijana wa Bondeni, amesoma na binamu yangu. Hakukimbia. Alimbeba mwenyewe mpaka nyumbani, akiwa na wanaume wengine, amemfunika leso ya mtu nisiyemjua. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Leso ikateleza, nikaona mdomo wa Tima ni mwekundu, na vidole vya mkono wa kulia ni vyekundu pia, mpaka kwenye kucha. Kisha wakaifunika tena, na mimi nikaingia nyuma ya mlango nikabaki huko.

Wekundu ule sikumtajia mtu. Nililala nao, niliamka nao. Nilikuwa nataka kujua jambo moja tu, kama aliumia sana, na sikuwa na wa kumwuliza.

Yule kijana alikuja na babake, akakaa sakafuni kwetu, akalia kwa sauti. Baba alimshika kichwa akamwambia, "Nimekusamehe. Ni siku yake." Hakuna aliyekwenda kituoni. Hakuna aliyetaka mtoto akalazwe mochari, apasuliwe, acheleweshwe. Kwetu maiti hastahili kungoja, na aliyesamehe hafungui kesi. Jua halijatua, Tima alikuwa keshazikwa. Karatasi ya maziko haikutaja gari.

Mwosha alikuwa amekuja mara tu alipoitwa. Alipotoka chumbani, Mama alikuwa ameegemea ukuta, hana nguvu za kuuliza. Mwosha akamwambia hivyohivyo, bila kuulizwa: "Alikuwa mwepesi."

Nilimchukia. Naandika hivi kwa sababu ni kweli. Tima alikuwa mwepesi kikwelikweli, niliweza kumbeba mgongoni mpaka juu darini, na yeye akampa neno lilelile alilompa bibi wa duka la vitambaa.

Watu wa mradi mmoja walikuja baadaye. Serikali ilikuwa imetoa ruzuku ili rekodi za ajali za barabarani zifanywe za kisasa: makaratasi ya vituoni yaondoke, habari za polisi na za hospitali ziingie mahali pamoja, na kila ajali ionekane kwenye ramani. Kwetu alitumwa dada mmoja kijana, mpole, mwenye tableti iliyofungwa kwenye mfuko wa mpira. Wanawake walikusanyika ukumbini kwetu. Dada akaigeuza tableti tuione. Kulikuwa na kisiwa chetu chote, na vidoti vyekundu kwenye barabara kubwa, vingine vimerundikana kama upele. Akaivuta picha mpaka ikafika kwetu. Nikauona uchochoro wetu. Nikaiona kona. Ilikuwa nyeupe.

"Hapa kwenu, mashaallah, hapana neno," akasema dada.

Hakusema kwa ubaya. Lakini Mama aliinuka akaenda jikoni, tukasikia maji yakifunguliwa na kuachwa yakitiririka.

Dada akatutazama mmoja mmoja. "Nimekosea?"

Shangazi yangu ndiye aliyemjibu. "Wamekufa watu hapo, mwanangu. Hawakuandikwa."

"Basi niambieni. Matuta na kivuko vitawekwa penye vidoti. Pakiwa peupe hivi, hapana atakayeleta hata ndoo ya lami. Nani anajua ni akina nani na lini?"

Vichwa vyote viligeuka upande mmoja. Mwosha alikuwa ameketi karibu na viatu.

"Mwanitizamani?" akasema. "Mimi sikuona kitu."

Dada hakukata tamaa. Alimfuata kwake. Nilikuwa mle ndani nikimkunia nazi, maana Mama alikuwa amenituma nikamsaidie, naye magoti yalikuwa yameanza kumsumbua.

"Bibi, sitaki majina yatangazwe," dada akamwambia. "Nataka kujua mahali, na wakati, na kwamba ilikuwa gari."

"Na hilo la gari nimelijuaje mimi?"

Dada akaipakata tableti.

"Nimelijua kwa kuwafunua," akasema Mwosha. "Nilichokiona hapo si changu, mwanangu. Ni chao. Na wao hawawezi kuniambia sema."

"Kesho watoto wengine watatoka chuoni, Bibi."

Mwosha aliacha kuchambua mchele.

"Wajua kuuma, wewe," akamwambia. "Huna meno makubwa, lakini wauma."

Kwanza alijaribu njia yake. Akawa anakwenda konani alasiri, watoto wanapotoka, na fimbo na kile kiganja chake. Alisimamisha tuktuk, bodaboda na mikokoteni ya maji, akawavusha watoto wakiwa wameshikana nguo kama mkia. Dereva mmoja wa tuktuk alimwambia, "Nana, nikuletee filimbi na kofia nyeupe?" Akamjibu, "Niletee kiti, mjinga wewe." Akaletewa kiti kweli. Yule kijana wa pikapu ndiye aliyekileta, akakiweka chini, akaondoka. Lakini mvua zilipoanza, magoti yalimshinda. Alilala ndani siku nyingi akisikiliza honi.

Alipoweza kusimama, alianza kupita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Nyumba nyingine zilimkubalia. Mlango mmoja ulifungwa usoni pake. Mwengine ulimwambia kwamba hata mauti anataka kuyapeleka kwa serikali. Kwetu aliingia wakati wa chai, akakataa kukaa.

"Nimekuja kuomba ruhusa ya mtoto," akamwambia Baba.

Baba aliweka kikombe chini. "Mimi nilisamehe, Mwosha. Nikifungua mdomo leo, askari watakuwa mlangoni kwa yule kijana."

"Sikuja kwa kijana. Nimekuja kwa kona."

"Na wakimfuata?"

"Yule dada ameniapia hawaandiki dereva. Wakimfuata, nitakwenda nikakae kituoni na mbuzi yangu ya nazi, nikune huko mpaka wamtoe."

Baba alitaka kucheka akashindwa. Alitazama mkeka. Tangu siku ya maziko hakuwa amelitaja jina la mdogo wangu, alisema "mtoto" au "marehemu". Akasema, "Tima. Mwambie aandike Tima." Kisha akatoka nje bila viatu.

Dada aliitwa. Akaketi barazani kwetu, tableti magotini, Mwosha kando yake amevaa buibui jipya kama anayekwenda kutoa ushahidi kortini. Akaulizwa mahali. Kabla hajajibu, dada akakunja uso. Akabonyeza, akarudi nyuma, akabonyeza tena.

"Hainiruhusu kuendelea," akasema. "Yataka nichague habari imetoka wapi. Polisi, au hospitali."

"Na mimi niko wapi hapo?" akauliza Mwosha.

"Hupo, Bibi."

"Basi nitie."

"Siwezi. Ruzuku imekuja na mfumo wake, mimi sina uwezo wa kuubadilisha. Lakini niambie, niandike kwenye karatasi, nitawapelekea wakubwa."

Hapo ndipo Mwosha alipokosea, na mpaka leo siwezi kumlaumu. Alisimama, akajifunga ukaya wa buibui lake vizuri.

"Neno hili nimelibeba miaka yote, sikumpa mtu. Sitalitoa likakae mfukoni mwako, mwanangu, upoteze kwenye tuktuk. Nendeni mkatengeneze hicho kioo. Siku kitakaponijua mimi ni nani, njoo, nitasema mara moja, na mtaandika."

Dada alimbembeleza. Shangazi alimbembeleza. Mimi nilikuwa mlangoni, nilitaka kusema, "Nana, sema tu," na maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Hayakutoka.

Dada aliahidi, na alitimiza, ila ofisi haziendi haraka. Ikapita Ramadhani, ikapita Idi ndogo na kubwa. Siku hizo Mwosha alianza kuvaa viatu visivyofanana. Alimwulizia bibi yangu aliyekufa mimi nikiwa mdogo, akashangaa mbona haji kumwamkia. Alipika kaimati mwezi usio wake, akazigawa, na safari hii watu walikula. Nafikiri waliona haya. Siku moja alikutwa konani, katikati ya barabara, kiganja juu, hakuna mtoto hata mmoja wa kumvusha. Mwanawe akaja na gari akamchukua Ganjoni.

Hata mwezi haujaisha, dada akarudi na tableti, anacheka kabla hajafika mlangoni. Walikuwa wameongeza mahali papya: waosha na wazikaji. "Mwambieni kioo kimemjua," akasema. Mama akalazimika kumweleza.

Mama aliniambia nimsindikize dada mpaka Ganjoni. "Wewe amekuzoea," akasema, "na huwa humchoshi kwa maneno."

Fleti ya mwanawe iko ghorofa ya juu, ina upepo. Mwosha alikuwa amekalishwa karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomwacha. Alimtazama dada kutoka juu hadi chini.

"Huyu mfupi," akaniambia. "Kitambaa chatosha, na cha kubaki."

Dada akacheka, na mimi pia, na nikadhani labda mambo si mabaya. Akafungua tableti, akamweleza polepole. Akamtajia kona.

"Kona ipi?"

Akamtajia bibi marehemu wa nyumba ya kwanza iliyotoa ruhusa.

"Alikuwa mwepesi," akasema Mwosha.

Akamtajia wa pili, na wa tatu.

"Alikuwa mwepesi. Alikuwa mwepesi, mwanangu."

Kidole cha dada kilibaki juu ya kioo. "Aligongwa wapi, Bibi? Wakumbuka?" Mwosha akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayesemeshwa lugha ya wageni. Waliobaki dada hakuwamaliza. Alitoka nje ya mlango kupiga simu ofisini. Nilimsikia akisema, "Hakuna, hakuna kitu tena. Tumechelewa."

Mwosha akanishika mkono. Akaugeuza kiganja juu, akaanza kuusugua, kidole kimoja kimoja, kwa gumba, akianzia kulia. Aliingia mpaka kwenye kucha. Sikuwahi kuguswa na mikono ile. Haikuwa na harufu ya kafuri.

"Mdogo wako alikuwa na vidole vyekundu," akasema.

Nikauacha mkono wangu mikononi mwake.

"Nami niliogopa. Watoto huniogopesha. Nikamimina maji, yale ya moto kidogo. Wekundu ukatoka mara moja, wote, na chumba kikanukia iliki." Aliendelea kusugua. "Ulikuwa ubuyu. Na mdomoni, ubuyu. Ubuyu mmoja alikuwa nao shavuni, hajamaliza kuufyonza. Nikaitoa ile mbegu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekula kitu kitamu akaitwa. Hakuwa na habari ya gari."

Hakusema alikuwa mwepesi. Nilingoja aseme, hakusema.

"Nana," nikamwita. Sauti yangu ilitoka kubwa, nikashtuka mwenyewe. "Alikuwa katoka upande wa pili? Alikuwa akirudi kutoka kununua?"

"Pale konani, wapi tena," akasema, kama mtu anayechoshwa na swali rahisi. "Alasiri." Kisha akauachilia mkono wangu, akanitazama utosini hadi visiginoni, kwa upole, kama ananiona mara ya kwanza. "Na wewe mrefu hivi, u mwana wa nani?"

Nikamtajia Baba na Mama. Akasema ni watu wema. Akageukia dirisha.

Dada aliporudi alikuwa tayari anaifunga tableti mfukoni mwake. Nikamwambia asiifunge. Nikamwambia Mwosha amemtaja mdogo wangu, Tima, Kona ya Ubuyu, alasiri, gari. Nilisema yote hayo nikiwa nimesimama, bila kukohoa, na dada akanitazama kama kiti kimesema. Akaandika. Akachagua waosha na wazikaji, na safari hii haikukataa. Akaigeuza nikaona kisiwa, na uchochoro wetu, na pale palipokuwa peupe, kidoti kimoja chekundu.

"Kimoja hakitaleta tuta," dada akaniambia, bila kunificha. "Lakini si peupe tena."

Nikaitikia kwa kichwa. Alikuwa akifungua sehemu ya mwisho, ya maelezo ya ziada.

"Alisema nini hasa, tuongeze hapa?"

Nilimtazama Mwosha. Alikuwa amelaza mikono mapajani, viganja juu, kwenye mwanga.

"Alikuwa mwepesi," nikasema.